Dakika Nne za Edward Darvall

Jumamosi, tarehe 2 Desemba 1967, Edward Darvall aliegesha gari kando ya Main Road, mtaa wa Observatory, Cape Town. Familia ilikuwa imealikwa chai kwa marafiki, na kwenda mikono mitupu si uungwana, kwa hiyo mkewe Myrtle na binti yao Denise wakateremka kununua keki. Mzee akabaki garini na mwanawe wa kiume. Mama na binti walipokuwa wakivuka barabara kurudi, gari lingine likawazoa wote wawili. Myrtle alifariki pale pale. Denise alikimbizwa hospitali ya Groote Schuur iliyo jirani, fuvu limepasuka, moyo ungali unapiga.

Katika hospitali hiyo hiyo alikuwa amelazwa mwenye duka la vyakula aitwaye Louis Washkansky, mzaliwa wa Lithuania, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka kabisa. Mkewe Ann alikuwa ametoka kumwona mchana ule. Gari alimokuwamo lilipita penye ajali, akauona umati, asijue umati ule unamhusu nini.

Usiku, madaktari wawili, Coert Venter na Bertie Bosman, walimketisha Mzee Darvall wakamweleza mambo mawili: kwamba binti yake hana tena tumaini, na kwamba hospitalini humo yupo mgonjwa ambaye moyo wa Denise ungeweza kumwokoa. Mzee akafikiri kwa muda wa dakika nne. Baadaye alisimulia kilichompitia kichwani: keki aliyotengenezewa na binti yake siku ya kuzaliwa, na joho la kuvalia bafuni alilonunuliwa naye kwa mshahara wake wa kwanza. Kisha akawajibu kwamba kama kwa binti yake hakuna namna, basi wajaribu kumwokoa huyo bwana.

Wasimulizi wengi wakifika hapa huharakisha kuingia chumba cha upasuaji, alikokuwa akisubiri Christiaan Barnard, daktari aliyekuwa anakwenda kupandikiza moyo wa binadamu kwa mara ya kwanza. Mimi huwa nabaki kule nje na Mzee Darvall. Nimekuwa muuguzi maisha yangu yote, na miaka yangu ya mwisho kazini, kabla ya kustaafu mwaka 2018, niliimalizia katika chumba cha kusafishia damu, Dar es Salaam. Madaktari hodari nimewaona wengi na nawaheshimu. Lakini kiungo cha marehemu hakipatikani kwa uhodari wa daktari. Kinapatikana kwa sababu yupo mtu aliyefiwa saa ile ile, akaombwa na mtu mwingine, akakubali. Ukiifuata historia hii kwa kumtazama aliyeomba na aliyeombwa, utaelewa kwa nini nchi moja ina wachangiaji wengi na nyingine haina, na kwa nini sisi huku hata foleni yenyewe hatujaipanga.

Habari ya moyo wa Cape Town ilinikuta Tanga, Barabara ya Kumi na Mbili, nikiwa na miaka tisa. Redio ilikuwa ya jirani, na wanaume walikusanyika barazani kwake kila jioni. Huo ndio mwaka wa Azimio la Arusha. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, ilikuwa na makao yake Dar es Salaam, na jambo lolote lililotoka kwa makaburu lilipokelewa kama habari ya adui. Nakumbuka walibishana kama mtu aliyewekewa moyo wa mwingine atampenda mke wake au mchumba wa marehemu. Kisha fundi cherehani mmoja, mtu wa maneno machache, akasema: “Mumiani sasa wamepata hospitali.” Watu wakacheka. Hata hivyo mama alituita ndani mapema jioni ile.

Vijana wa leo mumiani wanamjua kwa kusikia tu, lakini wazazi wetu walimwogopa kweli. Enzi za ukoloni, kuanzia Mombasa hadi Dar es Salaam, Nairobi hadi Kampala, ilisemwa kuwa wapo watu walioajiriwa na Wazungu kukamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu ikatengenezewe dawa. Wazimamoto walishukiwa kuliko wote: magari mekundu, malango yaliyofungwa, na hakuna aliyejua wanashinda wakifanya nini siku ambazo hakuna moto. Katanga waliwaita batumbula, Rhodesia ya Kaskazini wakawaita banyama. Buguruni, Dar es Salaam, mwaka 1959, uvumi huo ulizua ghasia. Mwanahistoria Luise White alikusanya simulizi za wazee wa Kenya na Uganda akazichapisha katika kitabu mwaka 2000, na wasomi wamelijadili jambo hili kwa mapana. Mimi nalisoma kama muuguzi. Watu waliokuwa wamechukuliwa ardhi, kodi na nguvu zao bila kuulizwa, kwa nini washangae kuambiwa kwamba na damu nayo inachukuliwa? Serikali za wakati ule zilicheka ushirikina wa wenyeji, kisha zikalalamika watu hawajitokezi kuchangia damu.

Kwa hiyo fundi wetu wa Tanga hakuwa mjinga. Hata wakubwa wa Groote Schuur walikuwa na hofu ya namna yake: waliona mtoaji wa kwanza asiwe mtu mweusi, isije ikasemwa duniani kwamba Mwafrika amegeuzwa chombo cha majaribio. Ndiyo maana Denise, msichana wa Kizungu, alifaa. Figo yake moja, lakini, ilikwenda hospitali ya Karl Bremer kwa Jonathan van Wyk, mtoto wa miaka kumi ambaye kwa daftari za serikali alikuwa chotara, na wapo walionung'unika kwamba kiungo cha mzungu kimeingia mwili usiostahili. Washkansky aliishi siku 18, akafa kwa nimonia tarehe 21 Desemba.

Wiki mbili hazijapita, siku ya Mwaka Mpya wa 1968, kijana aitwaye Clive Haupt alianguka ufukweni, damu imevujia ubongoni. Alikuwa na miaka 24, chotara, mfanyakazi wa kiwandani, ana miezi michache tu ya ndoa. Safari hii ombi lilipelekwa kwa mjane wake na kwa mama yake mzazi. Moyo wa Haupt ukawekwa tarehe 2 Januari katika kifua cha Philip Blaiberg, daktari wa meno, mzungu, aliyeishi nao miezi 19. Jarida la Ebony la Wamarekani weusi liliandika kwa kejeli kwamba sasa moyo wa Haupt utapanda mabehewa ya treni ambamo Haupt mwenyewe asingeruhusiwa kukanyaga. Ninachojiuliza mimi ni kingine. Mama chotara, ndani ya hospitali ya serikali ya makaburu, akiombwa na daktari mzungu, alikuwa na nafasi ya kukataa kama aliyokuwa nayo Mzee Darvall? Mdomo unaweza kutamka ndiyo ile ile katika nyumba mbili, na uzito wake usiwe mmoja.

Binti yangu anafanya kazi Cape Town, na nilipokwenda kumwona nilimwomba anipeleke Groote Schuur. Jengo la zamani wameligeuza makumbusho, vyumba vya upasuaji vimehifadhiwa, na wametengeneza upya chumba cha kulala cha Denise. Wageni niliokuwa nao walipita hapo upesi wakakimbilia sanamu za madaktari waliovaa barakoa. Tulipotoka, mmoja wa vijana wa Tanga waliozamia meli na kufikia huko, rafiki wa binti yangu, akaniambia kwa uhakika: “Mama, aliyefanya kazi ile ni mtu mweusi, wazungu wakamficha.” Alikuwa anamsema Hamilton Naki. Kisa hicho kimesambaa Afrika nzima, na inauma kukikanusha. Naki, mzaliwa wa Transkei, aliajiriwa chuo kikuu kama mtunza bustani, akaishia maabara ya wanyama akiwa mwenye mikono myepesi kiasi kwamba madaktari vijana walijifunza kwake. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Cape Town kilimpa shahada ya heshima. Lakini usiku wa Denise hakuwamo chumbani. Magazeti makubwa ya ng'ambo yaliyoandika hivyo alipofariki mwaka 2005 yalilazimika kusahihisha. Mtu aliyenyimwa haki yake ya kweli hahitaji kuongezewa ya uongo.

Sasa lipo swali gumu kuliko rangi: Denise alikufa lini? Ulimwengu ulielezwa kwamba mashine ya kupumulia ilizimwa, wakasubiri hadi moyo ukasimama wenyewe, ndipo wakafungua kifua. Mwaka 2006 kitabu cha Donald McRae kilitoa ushuhuda wa Marius Barnard, mdogo wake Christiaan, kwamba moyo ule ulisimamishwa kwa potasiamu. Karibu miaka 40 dunia nzima ilikuwa imeshika maelezo mengine. Nalitaja hilo kwa sababu tuhuma zote za baadaye zinaanzia kwenye mwanya wa namna hii, hata pale nia ilipokuwa njema.

Agosti 1968 kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard, chini ya Henry Beecher, ilitoa pendekezo kwamba mtu ambaye ubongo wake umekufa wote ni maiti, hata kama mashine inampumulia na mapigo yapo. Uchunguzi wenyewe hauhitaji mitambo mingi. Unamulika tochi kwenye mboni, hazisinyai. Unagusa jicho kwa pamba, kope haijifungi. Unamimina maji ya baridi sikioni, macho hayasogei. Mwisho unamtoa kwenye mashine kwa dakika kadhaa huku oksijeni ikipitishwa kwa mrija, unakitazama kifua. Kama hakijainuka hata kidogo huku hewa chafu ikijaa damuni, basi. Lakini mkono wa marehemu huyo una joto. Mkojo unatiririka mfukoni. Mfiwa anayeambiwa “amefariki” anageuka kuitazama mashine ambayo namba zake zinacheza, kisha anakugeukia wewe. Hapo maarifa ya Harvard hayakusaidii chochote kama huna ulimi.

Richmond, jimbo la Virginia, hawakutumia ulimi kabisa. Mei 1968, kabla hata kamati ya Harvard haijatoa pendekezo lake, kibarua mweusi aitwaye Bruce Tucker alianguka akaumia kichwa, akapelekwa hospitali ya chuo cha udaktari. Kesho yake moyo wake ulikuwa ndani ya kifua cha mfanyabiashara mzungu. Ilidaiwa ndugu hawakupatikana. Kaka yake William alikuwa na duka la kushona viatu mitaa michache kutoka hapo, na kadi ya duka ilikuwamo kwenye pochi ya Bruce. Ndugu waligundua moyo haupo kwa kuambiwa na mtayarishaji wa mazishi. Wakashtaki, wakili wao akiwa Douglas Wilder, ambaye baadaye mwaka 1990 aliapishwa kuwa gavana wa jimbo hilo hilo, wa kwanza mweusi kuchaguliwa Marekani. Mwaka 1972 baraza la wazee wa mahakama likawapa madaktari ushindi. Ilikuwa moja ya hukumu zilizokitia nguvu kifo cha ubongo katika sheria ya Marekani, na kwa upande wa tiba ilikuwa hatua kubwa. Kwa watu weusi wa Richmond mumiani alikuwa ameshinda kesi.

Mengine ya miaka hiyo nitayapitia haraka maana yameandikwa sana. Mwaka 1968 pekee mioyo zaidi ya 100 ilipandikizwa duniani, kila hospitali kubwa ikitaka jina, na wagonjwa wengi wakafa kwa sababu mwili hukikataa kiungo cha kigeni. Kufikia miaka ya 1970 wengi waliacha, isipokuwa wachache kama Norman Shumway wa Stanford na Cape Town wenyewe, ambako Dirk van Zyl aliwekewa moyo mwaka 1971 akaishi nao zaidi ya miaka 20. Dawa ya saiklosporini, iliyotokana na kuvu wa udongoni na kuruhusiwa Marekani mwaka 1983, ndiyo iliyofungua mlango tena. Tangu hapo tatizo likahama. Ufundi ulikuwapo, dawa ilikuwapo, viungo havikutosha.

Walioliona hilo mapema walikuwa Ceylon, ndiyo Sri Lanka ya leo, na kwao kilichohitajika kilikuwa konea, kile kioo cha mbele cha jicho. Konea haihitaji mashine ya kupumulia wala kifo cha ubongo. Hutolewa saa chache baada ya mtu kukata roho. Mwanafunzi wa udaktari Hudson Silva aliandika gazetini mwaka 1958 akiwaomba Waceylon watoe macho yao wakishafariki. Mama yake mzazi alipofariki, konea zake zilipandikizwa kwa maskini. Mwaka 1961 akaanzisha chama cha uchangiaji macho, na mwaka 1964 konea za kwanza zikasafirishwa kwa ndege hadi Singapore ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Tangu hapo kisiwa kile kimepeleka maelfu kwa maelfu ya konea nchi nyingi. Watu husema ni dini ya Kibudha, inayosifu utoaji, na ni kweli imesaidia. Lakini Ubudha ulikuwapo Ceylon miaka zaidi ya elfu mbili kabla ya Silva. Kilichokuwa kipya ni mtu aliyesimama hadharani akaomba, na aliyeanza na mama yake.

Hapa nitakaa kidogo Hispania, kwa kuwa ndiko kuomba kulikogeuzwa kazi yenye mshahara na mafunzo. Sheria yao ya mwaka 1979 inamhesabu kila mtu kuwa amekubali isipokuwa aliyekataa akiwa hai. Wengi wanadhani siri iko hapo. Haipo. Miaka kumi baada ya sheria hiyo, mwaka 1989, Hispania ilikuwa na wachangiaji 14 tu kwa kila watu milioni moja. Mwaka ule lilianzishwa shirika la taifa la upandikizaji, ONT, likiongozwa na daktari wa figo Rafael Matesanz. Hakugusa sheria. Aliweka mratibu katika kila hospitali, kwa kawaida daktari wa chumba cha wagonjwa mahututi, anayeendelea na kazi yake ya kila siku na kulipwa nyongeza. Mratibu huyo hapandikizi na hana mgonjwa anayesubiri figo. Kazi yake ni kujua nani anakufa hospitalini mwake, na kuzungumza na wafiwa.

Mazungumzo hayo yana utaratibu, na nilipousoma mara ya kwanza nilitamani ningefundishwa nikiwa msichana wa miaka 20. Habari ya kifo hutolewa kwanza, peke yake. Wafiwa huachwa walie. Hakuna anayetaja figo mpaka wenyewe waanze kumsema marehemu kwa wakati uliopita: alikuwa, alipenda. Chumba kiwe na viti, mlango ufungwe, na anayezungumza aketi. Na ijapokuwa sheria inasema alikwisha kubali, familia huombwa daima, na ikikataa neno lake huheshimiwa. Familia zinazokataa zilipungua hadi asilimia 15 hivi. Mwaka 2017 wachangiaji walifika karibu 47 kwa milioni, na Hispania imeongoza dunia kwa miongo mitatu. Uingereza nako walipata funzo lao kwa njia chungu: ilipofichuka mwaka 1999 kwamba hospitali ya watoto ya Alder Hey, Liverpool, ilihifadhi viungo vya watoto marehemu bila wazazi kujua, nchi ilibidi iandike sheria mpya, ya mwaka 2004, ambayo msingi wake ulikuwa kwamba mwenye haki aulizwe.

Limebadilika pia jambo ambalo Mzee Darvall asingeliwaza. Miaka ya mwanzo mtoaji alikuwa kijana wa ajali ya barabarani. Mikanda, kofia ngumu na barabara bora vikapunguza vifo hivyo Ulaya, na badala ya kulia njaa ya viungo Wahispania wakawageukia wazee waliopatwa na kiharusi. Leo zaidi ya nusu ya watoaji wao wamepita miaka 60, na ini la bibi wa miaka 80 linafanya kazi vizuri tu ndani ya mtu mwingine. Zaidi ya hapo, karibu nusu ya watoaji wao wa miaka hii ni watu ambao moyo umesimama kwanza, kama ilivyodaiwa kwa Denise. Tofauti ni kwamba sasa kuna muda uliowekwa wa kusubiri, umeandikwa, na ndugu wanaujua.

Dini mara nyingi husingiziwa. Baraza la wanazuoni wakuu wa Saudi Arabia liliruhusu uchangiaji mwaka 1982, wa walio hai na wa waliofariki. Jopo la fikihi la kimataifa lililokutana Amman mwaka 1986 lilikikubali kifo cha ubongo, na miaka miwili baadaye, Jeddah, likaweka masharti ya kutoa viungo, mojawapo likiwa kutoviuza. Papa Yohane Paulo II alikwenda mwenyewe mbele ya kongamano la madaktari wa upandikizaji, Roma, mwezi Agosti mwaka 2000, akauita utoaji huu tendo la upendo. Hapa pwani shida ya kweli ni saa. Sisi huzika leo leo. Mtu akifariki alfajiri, adhuhuri watu wako makaburini, na kila saa ya kuchelewa ina maneno yake. Mratibu asiyejua hilo, asiyeweza kuiambia familia saa kamili watakayokabidhiwa mwili wao ukiwa umeshonwa vizuri na uko tayari kwa kuoshwa, asifungue mdomo.

Na huku kwetu historia hii imefika wapi? Kenya ilikuwa na sheria ya tishu za binadamu tangu 1966, mwaka mmoja kabla ya Barnard, na ikaandika vifungu vipya katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017. Novemba mwaka huo huo hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, ilifanya upandikizaji wake wa kwanza wa figo, madaktari wetu wakishirikiana na wa India, na mwaka 2018 hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, ikafuata. Kigali walianza katika hospitali ya King Faisal mwaka 2023. Uganda ilipitisha sheria yake mwaka 2023, na Desemba mwaka huo Mulago ikapandikiza figo ya kwanza. Haya ni ya kujivunia. Kabla ya hapo mgonjwa aliuza kiwanja akapanda ndege kwenda India na ndugu yake. Lakini figo hizo zilizotufungulia njia zilitoka kwa walio hai.

Niliyoyaona kwenye chumba changu ni haya. Mgonjwa analala mashineni saa nne, mara tatu kwa wiki, sindano mbili nene mkononi, halafu ukoo unaitwa kikao. Kaka mkubwa ana sukari. Dada damu haziingiliani. Mdogo wa mwisho anafaa, na kuanzia siku hiyo kila mtu anamtazama yeye. Nimemwona kijana akisema ndiyo mbele ya wazee, akanifuata koridoni kuniomba nimsaidie apatikane na kasoro kwenye vipimo. Huyo naye ameombwa vibaya. Wenye mali na wasio na ndugu wanaofaa hutafuta njia nyingine, na ndipo soko linapoingia: mwaka 2025 Kenya ilisimamisha upandikizaji katika hospitali moja binafsi ya Eldoret baada ya tuhuma za biashara ya figo. Mumiani wa leo ana risiti.

Wakati huo huo, kwenye chumba cha mahututi, analala kijana wa bodaboda aliyegongwa bila kofia. Ubongo umekufa, figo zake mbili hazina hitilafu. Daktari anatoka na maneno tunayoyajua sote, tumefanya tulivyoweza, na familia inaulizwa kuhusu bili na gari la kubebea mwili. Katika miaka yangu yote ya kazi sikumwona mama hata mmoja akiulizwa kuhusu figo za mwanawe. Husemwa kwamba watu wetu wangekataa. Hilo huwezi kulijua kwa mtu ambaye hujamuuliza.

Afrika Kusini, ilikoanza, leo ina wachangiaji waliofariki wasiofika wawili kwa kila watu milioni. Hospitali ile ile ya Groote Schuur imeendelea kuwaza: mwaka 2008 Dkt. Elmi Muller alianza kuwapandikizia wagonjwa wenye VVU figo za marehemu waliokuwa na VVU, jambo ambalo dunia ilikuwa inaliogopa, na likafaulu. Akili hawakupungukiwa. Walipungukiwa waombaji, katika nchi ambayo watu wake wengi walizoea kuchukuliwa bila kuulizwa.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaotunga sheria na kanuni, Dodoma, Nairobi na Kampala, nawaomba jambo moja. Vifungu vya faini na vifungo andikeni, ni muhimu. Lakini kabla ya kununua mashine mpya, waajirini na kuwafundisha watu wa kuketi na wafiwa, wawe wa chumba cha mahututi, wasiwe wa timu ya kupandikiza, wawe na kiti, mlango na muda. Anzeni na konea, ambazo Nairobi na kwingineko zimekuwa zikiletwa kutoka nje ilhali macho ya wafu wetu yanazikwa kila siku. Wauguzi wastaafu tupo, lugha za watu wetu tunazijua, na wengi wetu tungekuja mkituita.